Ushindi 28 Mfululizo wa Norfolk Admirals na Walioondoka na Mavuno

Hadi kufikia tarehe 9 Februari 2012, klabu ya mpira wa magongo wa barafuni, yaani hoki, ya Norfolk Admirals, ya jimbo la Virginia nchini Marekani, ilikuwa imekwisha kucheza mechi 48 kati ya 76 za msimu. Ilikuwa imeshinda 27, imefungwa 18 ndani ya dakika 60 za kawaida, na imepoteza tatu nyingine katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju ya penalti. Kwa kuwa ushindi una pointi mbili, na anayepoteza baada ya dakika 60 kumalizika huambulia moja, Norfolk ilikuwa na pointi 57 kati ya 96. Hiyo ilikuwa timu nzuri, lakini haikuwa ya kutisha. Siku iliyofuata ilishinda. Ikashinda iliyofuata, na iliyofuata, na msimu wa kawaida ulipofungwa tarehe 15 Aprili, ilikuwa imeshinda mechi zote 28 zilizosalia bila kuacha hata pointi moja. Ilimaliza ikiwa na ushindi 55 na pointi 113, kileleni mwa ligi yenye timu 30.

Rekodi ya ligi hiyo, inayojulikana kwa kifupi chake AHL, ilikuwa ushindi 17 mfululizo, iliyowekwa na Philadelphia Phantoms msimu wa 2004–05. Katika ligi kuu ya NHL, Pittsburgh Penguins walikuwa wameshinda 17 mfululizo mwaka 1993. Timu ya kulipwa iliyokuwa imefika mbali kuliko zote Amerika Kaskazini ilikuwa Peoria Rivermen, iliyoshinda 18 msimu wa 1990–91 katika ligi ambayo sasa haipo tena. Norfolk iliipita rekodi hiyo kwa mechi 10 nzima, kisha ikatwaa kombe la ligi, Calder Cup. Katika mechi zake 46 za mwisho za mwaka ule, zikihesabiwa za msimu na za mtoano, ilishinda 43 na kupoteza tatu tu.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinaonyesha, kwa uwazi usio wa kawaida, namna ligi ya pili ya hoki inavyofanya kazi: nani anaajiri, nani anafundisha, nani anakata tiketi na kushangilia, na nani anavuna mwishoni. Wakazi wa Norfolk walipewa msimu bora kupita yote katika historia ya ligi yenye umri wa tangu 1936. Hawakupewa kitu kingine chochote juu yake, na kwa mujibu wa taratibu zilizopo hawakuwa na haki ya kudai.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kwanza kuweka kando wazo la kupanda na kushuka daraja. Bingwa wa AHL hapandi popote. Kila timu ya ligi hiyo imefungamanishwa kwa mkataba na klabu moja ya NHL, na msimu ule zilikuwa 30 kwa 30. Klabu mama ndiyo inayowasajili wachezaji walio wengi, inawalipa, inamteua kocha na inaamua nani apandishwe ligi kuu kesho asubuhi na nani arudishwe. Klabu tanzu inatoa uwanja, tiketi, jezi, mabasi na jina la mji. Mchezaji wa kawaida ana mkataba wa pande mbili, yaani wenye mishahara miwili tofauti: mmoja wa siku anazokuwa ligi kuu, ambao msimu ule haukuruhusiwa kushuka chini ya kiwango cha dola 525,000 kwa mwaka, na mwingine ulio mdogo mara nyingi zaidi kwa siku anazokuwa huku chini. Kwa hesabu ya ligi yenyewe, karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia AHL. Kanuni zake pia zinailazimisha kila timu kupanga katika kila mechi idadi kubwa ya wachezaji wenye uzoefu mdogo wa mechi za kulipwa, ili kocha asiweze kununua ubingwa kwa kujaza wakongwe. Hii ni shule, na ushindi katika shule hii unahesabiwa kwa namna mbili ambazo mara nyingi hazipatani: msimamo wa ligi unaotazamwa na mashabiki wa mjini, na maendeleo ya vijana yanayotazamwa na wenye mali walioko mbali.

Wenye mali wa Norfolk walikuwa Tampa Bay Lightning wa Florida, walioshikamana na klabu hiyo tangu 2007. Mwaka 2010 Tampa ilimpata meneja mkuu mpya, Steve Yzerman, na yeye akamleta Julien BriseBois kuwa msaidizi wake na msimamizi wa mambo ya Norfolk. BriseBois alikuwa mwanasheria aliyeona ubingwa wa ligi hiyo mwaka 2007 akiwa na timu ya Hamilton, tanzu ya Montreal. Naye Jon Cooper akaajiriwa kuwa kocha, uamuzi ambao wakati ule ulionekana wa kubahatisha. Cooper, mzaliwa wa Prince George huko Kanada, hakuwa amewahi kucheza hoki ya kulipwa. Alikuwa wakili wa kesi za jinai mjini Lansing, Michigan, na alianza ukocha baada ya jaji mmoja kumwomba afundishe timu ya sekondari. Alipanda taratibu kutoka hapo: mataji mawili mfululizo ya ligi ya vijana akiwa St. Louis mwaka 2007 na 2008, lingine akiwa Green Bay mwaka 2010, kisha Norfolk. Kocha wa namna hiyo hana jina la kuwatisha wachezaji. Anachoweza kutegemea ni kuwasoma, kuwaeleza jambo wakalielewa, na kuwashawishi kwamba analolisema lina maana, na mtu aliyeishi kwa kusimama mbele ya mahakama ana mazoezi ya kutosha katika hilo.

Tukitazama walikotoka wachezaji wa timu ile, tunaona mtindo uleule ukijirudia. Kila mwaka klabu za NHL hukutana na kuchagua vijana kwa zamu katika duru saba. Ondrej Palat, kijana wa Kicheki, alichaguliwa mwaka 2011 akiwa wa 208 kati ya 211, yaani walibaki watatu tu nyuma yake. Mark Barberio alikuwa wa 152 mwaka 2008, golikipa Dustin Tokarski wa 122 mwaka huohuo. Tyler Johnson, aliyetoka Spokane, jimbo la Washington, hakuchaguliwa kabisa, ingawa alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa vijana na Marekani mwaka 2010, na ingawa yeye na Tokarski walikuwa wamechukua pamoja kombe kubwa la vijana wa Kanada, Memorial Cup, wakiwa na timu ya Spokane mwaka 2008. Kosa lake lilikuwa urefu wa sentimita 173 hivi katika mchezo unaopenda majitu.

Mwenye kosa kama hilo hasa alikuwa Cory Conacher, na kwake inafaa tukae kidogo. Conacher ni mtu wa Burlington, Ontario, mfupi kama Johnson, aliyesoma katika chuo kidogo cha Canisius mjini Buffalo ambacho si njia ya kawaida ya kuelekea NHL, na anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Kwa mchezaji wa hoki hali hiyo si jambo la pembeni. Mchezaji huingia barafuni kwa sekunde 40 au 50 za mbio za nguvu zote, hutoka, hupumzika dakika mbili, huingia tena, na hivyo hivyo kwa muda wa saa mbili na zaidi. Sukari ya damu inaweza kupanda kwa msisimko na kushuka kwa jasho ndani ya kipindi kimoja, na mtu aliyeshukiwa na sukari huona miguu ikilegea na macho yakichelewa kabla hajajua kilichompata. Kwa hiyo, wakati wenzake wanabadilisha utepe wa magongo yao kati ya kipindi na kipindi, yeye alipaswa pia kuchoma kidole, kusoma tarakimu na kuamua anywe kitu au la. Norfolk ilimchukua kwa mkataba wa AHL peke yake, bila ahadi yoyote ya ligi kuu. Alifunga mabao 39, mengi kuliko mchezaji yeyote wa ligi msimu ule, akatoa pasi za mabao 41, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi na mchezaji mpya bora kwa mkupuo mmoja. Mwezi Machi, mfululizo ukiwa katikati, Tampa ilimpa mkataba wa NHL.

Zawadi nyingine pia zilielekea Norfolk: Barberio akawa beki bora wa ligi na Cooper kocha bora. Johnson alimaliza na mabao 31. Hata hivyo, orodha ya majina haitoshi kueleza ushindi 28. Majina hayahaya, isipokuwa wachache, ndiyo yaliyopoteza mechi 21 kabla ya tarehe 10 Februari.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Timu inayoshinda kwa kiwango kile cha mechi 48 za kwanza, yaani asilimia 56 hivi, ina nafasi ya kushinda 28 mfululizo ya takriban moja kati ya milioni kumi. Tukisema timu iliboreka ghafla hadi kuwa na uwezekano wa asilimia 80 kwa kila mechi, kiwango ambacho timu chache sana huweza kukidumisha, nafasi bado ni moja kati ya 500 na kidogo. Hata kwa asilimia 90 inakuwa moja kati ya 19. Ninachokisoma katika tarakimu hizo ni mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, timu ya Machi haikuwa timu ya Januari, na anayedai kwamba ilikuwa bahati tupu hajaipiga hesabu yake. Pili, hata baada ya kuboreka kwa kiasi kikubwa, bado ilihitaji mambo yaangukie upande wake katika mechi kadhaa ambazo zingeweza kwenda kokote, kwa sababu hoki ni mchezo wa mabao machache ambapo kisahani cha raba, yaani paki, hubadili njia kikigusa kiatu cha mtu.

Ni nini basi kilichobadilika? Jibu langu ni kwamba vijana walikomaa kwa pamoja na kwa wakati mmoja. Johnson, Conacher na Palat wote walikuwa katika msimu wao wa kwanza kamili wa kulipwa. Mchezaji wa mwaka wa kwanza hutumia miezi ya mwanzo kujifunza mambo yasiyoonekana uwanjani: kucheza mechi tatu ndani ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, jambo ambalo ratiba ya AHL hulifanya la kawaida kwa sababu tiketi huuzwa mwishoni mwa juma, kulala ndani ya basi usiku kutoka mji mmoja hadi mwingine, kula vizuri kwa mshahara mdogo, kukaa benchi bila kununa. Mwezi Februari mengi ya hayo yanakuwa yameingia mwilini. Kocha yuleyule alikuwa amewaongoza kwa mfumo uleule tangu siku ya kwanza, na mfumo ukizoeleka, mchezaji haulizi tena aende wapi, anakwenda. Nyuma yao Tokarski, golikipa mtulivu mwenye uzoefu wa mechi za fainali tangu ujanani, aliwapa ruhusa ya kukosea mbele.

Jambo la pili ni kubwa kuliko linavyoonekana, nalo liko nje ya uwezo wa Norfolk. Klabu mama ilikuwa na msimu mbaya. Tampa, iliyofika nusu fainali ya NHL mwaka uliotangulia, ilimaliza 2011–12 nje ya mtoano, licha ya Steven Stamkos kufunga mabao 60. Klabu mama inapoyumba, huweza kufanya moja kati ya mawili: kuwapandisha vijana kwa pupa ili kuziba mapengo, au kuwaacha wapikike. Tampa ilipandisha baadhi kwa vipindi, lakini kiini cha timu, hasa Conacher, Johnson na Palat, kilibaki chini hadi mwisho. Kwa mtazamo wangu huo ndio uamuzi uliozaa rekodi. Ulifanywa Florida, na haukufanywa kwa ajili ya watu wa Norfolk.

Ushahidi wa hilo ulionekana tarehe 27 Februari, mfululizo ukiwa umekwisha kuanza. Siku hiyo Tampa ilimtoa mshambuliaji Carter Ashton, chaguo lake la duru ya kwanza la mwaka 2009 na mmoja wa wafungaji wa kutegemewa wa Norfolk, ikamkabidhi Toronto Maple Leafs na kumpokea beki Keith Aulie. Timu inayoshinda kila siku iliondolewa mshambuliaji bila kuulizwa, akapelekwa kwa mwenye klabu tanzu ambayo Norfolk ingekutana nayo fainali miezi mitatu baadaye. Hakuna aliyevunja kanuni. Baada ya wiki kadhaa akaja Alex Killorn, aliyekuwa amemaliza msimu wake wa chuo kikuu cha Harvard, akaingizwa kikosini wakati ushindi ukiendelea. Mmoja kaondolewa kwa faida ya Tampa, mwingine kaletwa kwa faida ya Tampa, na safari hii faida ya Norfolk ilisadifu kuelekea upande uleule.

Mechi za nyumbani zilichezewa katika ukumbi wa Norfolk Scope, uliofunguliwa mwaka 1971 chini ya kuba ya zege iliyobuniwa na mhandisi wa Kiitalia Pier Luigi Nervi. Kuba hiyo ina kipenyo cha mita 134 hivi na inashikiliwa na nguzo za mshazari zinazouzunguka ukumbi kama miguu ya kaa. Mji wenyewe ni wa wanamaji. Kituo kikubwa kuliko vyote vya jeshi la majini duniani kiko pale, na jina la timu, linalomaanisha maamiri wa meli, limetoka huko. Mji wa namna hiyo watu wake huja na kuondoka kwa amri ya mtu mwingine, kwa hiyo pengine ulielewa hali ya wachezaji wake kuliko miji mingi.

Mtoano ulianza na Manchester Monarchs, na hapo mfululizo wa ushindi haukuendelea bila doa: Norfolk ilipoteza mechi moja na kupita kwa 3–1. Connecticut Whale waliwasumbua zaidi, na Norfolk ikapoteza mbili kabla ya kupita kwa 4–2. Baada ya hapo hawakupoteza tena. St. John's IceCaps, timu ya kisiwa cha Newfoundland, ilitolewa 4–0. Mchezaji bora wa mtoano hakuwa mmoja wa vijana. Alikuwa Alexandre Picard, winga ambaye mwaka 2004 alichaguliwa wa nane na Columbus, akitarajiwa kuwa nyota, akacheza mechi 67 za NHL na kutofunga hata bao moja. Mchezaji kama huyu hurudi AHL akiwa hana tena la kuthibitisha kwa wakubwa, na wapo wanaokata tamaa wakacheza kwa kutimiza wajibu. Picard alicheza kama mtu mwenye kombe la kutafuta. Katika hadithi zote za msimu ule, yake ndiyo inayonigusa kuliko nyingine, kwa sababu yeye peke yake kati ya waliotunukiwa hakuwa akielekea popote zaidi ya pale.

Fainali ilikuwa dhidi ya Toronto Marlies, tanzu ya Maple Leafs. Norfolk ilishinda mbili za kwanza nyumbani. Mechi ya tatu ilichezwa Toronto tarehe 7 Juni, na ndiyo yenye utata unaopaswa kuelezwa kikamilifu, maana kila anayeutaja ubingwa huu huuliziwa habari zake. Dakika 60 ziliisha bila bao. Katika muda wa nyongeza, ambapo bao la kwanza humaliza mechi papo hapo, beki wa Norfolk, Mike Kostka, aliupiga paki kutoka katikati ya uwanja kuelekea kona ya wapinzani, mpigo wa kawaida kabisa ambao lengo lake huwa ni kupata nafasi ya kubadilisha wachezaji. Golikipa wa Toronto, Ben Scrivens, alifanya walivyofundishwa magolikipa wote: alitoka langoni akaenda nyuma ya goli ili aupokee unapozunguka ukutani. Paki haukuzunguka. Uligonga kiungo cha vioo vinavyolizunguka barafu, ukaruka kwa pembe ambayo hakuna aliyeitarajia, ukateleza mbele ya goli tupu na kuingia wavuni. Scrivens alikuwa bado upande wa pili wa goli. Mechi ikaisha 1–0.

Tatizo ni kwamba Kostka alipopiga, mchezaji mwenzake alikuwa bado ndani ya eneo la wapinzani, mbele ya mstari wa buluu, akiwa ameotea. Katika hali hiyo mwamuzi wa mistari huinua mkono na kusubiri. Washambuliaji wakitoka, mchezo unaendelea, lakini paki iliyopigwa kabla hawajatoka ikiingia golini, bao halihesabiwi. Kwa kanuni hiyo bao la Kostka lilikuwa batili. Waamuzi walilikubali, na kanuni za wakati ule hazikuruhusu picha za video kutumika kufuta bao kwa sababu ya kuotea. Ligi ilikiri baadaye kwamba kosa lilifanyika, na kwamba matokeo hayabadilishwi.

Toronto ilidhulumiwa usiku ule, na naona ni vyema kulisema bila kuzunguka. Hakuna awezaye kusema mechi ingekwishaje kama filimbi ingepulizwa. Lakini wanaotaka kulitumia bao lile kuutilia shaka ubingwa mzima wanapaswa kuyatazama mengine ya fainali ile. Norfolk ilikuwa tayari mbele kwa mechi mbili, na siku mbili baadaye, tarehe 9 Juni, kwenye barafu lilelile na mbele ya mashabiki walewale wenye hasira ya haki, ilishinda 6–1. Ubingwa ulipatikana kwa ushindi nne kwa bila. NHL yenyewe ilianza kuruhusu makocha kupinga mabao ya kuotea kwa video msimu wa 2015–16. Kostka, kwa upande wake, alisajiliwa na Toronto kiangazi kilekile.

Kombe lilirudi Virginia, na kiangazi kilekile Tampa ikavunja uhusiano na kuuhamishia Syracuse, jimbo la New York. Norfolk ikaingia mkataba na Anaheim Ducks wa California. Mtu asiyejua mfumo huu angetarajia bingwa aanze msimu uliofuata na kikosi chake. Ukweli ni kwamba Cooper, Johnson, Palat, Conacher, Killorn, Barberio, Radko Gudas na wengine walipakia mizigo wakaenda kaskazini kwa pamoja, na jezi za Admirals zikavaliwa na watu waliotumwa na mwajiri mwingine. Mashabiki waliokuwa wamekata tiketi za msimu walibaki na jina, rangi na kuba. Syracuse, iliyopokea kikosi kilichokwisha kuiva, ilifika fainali ya Calder Cup mwaka 2013 na kufungwa na Grand Rapids Griffins.

Naitambua hoja ya Tampa, na ina uzito. Klabu mama haina wajibu wa kubaki mahali kwa sababu ya hisia za watu. Ina wajibu wa kukuza wachezaji, na mikataba ya ushirika huisha na kufungwa upya kama mikataba mingine. Lakini naamini kuna kitu kinachopotea pale ligi inapouuzia mji ahadi ya timu yake wakati haki zote za timu hiyo ziko kwa mwingine. Shabiki wa Norfolk aliyekaa kwenye kiti chake mwezi Aprili hakuwa akishangilia maendeleo ya mali ya Florida. Aliambiwa, kwa mabango na kwa matangazo, kwamba hawa ni wenu.

Na mavuno yalikuwa makubwa. Tarehe 25 Machi 2013 Tampa ilimwita Cooper kuwa kocha wake mkuu. Siku chache baadaye ilimpeleka Conacher Ottawa, akiwa na jina jipya alilojijengea Norfolk na thamani iliyotokana nalo, ikampata golikipa Ben Bishop, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa langoni ilipofika fainali ya Stanley Cup, kombe la NHL, na kufungwa na Chicago. Katika mtoano ule wa 2015 Johnson alifunga mabao 13, akicheza mstari mmoja na Palat na Nikita Kucherov. Mwaka 2020 Tampa ilichukua kombe, na 2021 ikalichukua tena, kocha akiwa Cooper, na Johnson, Palat na Killorn wakiwa kikosini mara zote mbili. BriseBois alikuwa amekwisha kuwa meneja mkuu. Watano hao, kocha, meneja na wachezaji watatu, walikutana katika kazi moja kwa mara ya kwanza chini ya kuba ya Nervi.

Norfolk haikukaa na AHL muda mrefu. Ligi ilipoamua kuanzisha kundi la timu za pwani ya magharibi mwaka 2015, Anaheim ilichukua leseni ya timu na kuihamishia San Diego, karibu na nyumbani kwake. Timu ya Bakersfield, iliyokuwa ligi ya chini yake, ECHL, ikahamia Norfolk kuziba pengo na kurithi jina la Admirals. Ligi ya ECHL si ngeni pale, kwa kuwa klabu ya kwanza ya hoki yenye jina hilo ilianzia humo mwaka 1989. Timu inayocheza Scope leo inavaa jina la mabingwa wa 2012, lakini leseni iliyocheza mechi zile 28 iko California, na wachezaji wa daraja la Johnson na Palat hawapiti tena pale isipokuwa kama wageni.